Kapata pesa za sulhu kazini, bwana kodi nae ana fungu lake?

Mwezi huu nilishaandaa majibu ya mambo ya leseni za biashara, lakini zimenijia barua tatu zinazungumzia kitu kimoja, moja ya Chake, moja ya pwani ya kusini Unguja na moja ya Wete, basi za leseni nimeziweka pembeni mana hawa wengine wana karatasi mbele yao zinasubiri sahihi. Nimezifupisha.

BARUA YA KWANZA

"Mwanangu, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa Chake Chake, nina binti yangu yuko Marekani, jimbo la Texas, huu mwaka wa tisa. Kazini kwake alikuwa na bosi akimdhalilisha, maneno machafu, kumvizia stoo, na akimkatalia anampangia shifti za usiku peke yake. Kashitaki, wakafika sulhu nje ya mahkama, Novemba 2025 wamemlipa dola elfu tisini. Wakili kachukua thuluthi. Kanitumia dola elfu saba nimeanza msingi Machomane na kanambia mwaka huu huu tunaezeka. Juzi kanipigia analia, kaletewa karatasi na serikali inataka kodi. Sasa mwanangu, hata pesa za mtu kudhalilishwa zinatozwa kodi? Si dhulma juu ya dhulma hiyo? Na mimi huku Pemba nitadaiwa? Na zakka yake je?"

Waaleikum salaam bi mkubwa. Pole yake binti na pole yako wewe, mana najua mzazi akiyasikia hayo ya stoo hapati usingizi. Jina la kampuni na la mji uliyoyaandika nimeyafuta, binti yako kwa vyovyote kasaini karatasi ya kutosema na gazeti hili linasomwa mpaka huko. Jimbo la Texas nimeliacha makusudi kwa sababu kwenye hesabu lina maana, utaona.

Mimi mwenyewe nimekaa Marekani, misimu minne nilikuwa nikijaza fomu za kodi za watu kwenye kijiofisi kilichobanana na saluni, na kilio hichi cha binti yako nimekisikia mezani pangu zaidi ya mara moja. Mtu anakuja Machi na bahasha, pesa keshazimaliza, ndo anauliza kama zina kodi.

Jibu ni ndio, zinatozwa. Sheria ya kule inaanza kwa kusema kila kinachokuingia ni mapato mpaka pawe na kifungu kinachokitoa, na kifungu kinachotoa fidia kinataka uwe umeumia mwili au umepata maradhi ya mwili. Zamani kiliandikwa kuumia tu, basi watu walikuwa wakipitisha hapo hata maumivu ya moyo, mpaka mwaka 1996 Bunge lao likachomeka neno moja, la mwili, na mlango ukafungwa. Yani mkono uliovunjika haukatwi, moyo uliovunjika unakatwa.

Kuna mama mmoja anaitwa Marrita Murphy alipambana na hili mpaka mwisho. Yeye si kesi ya bosi mchafu, alikuwa akifanya kazi kwenye kikosi cha anga cha akiba cha New York, akaripoti mambo ya hatari kwa mazingira, wakamfanyia visa, akapewa fidia ya dola 70,000, katika hizo 45,000 ni za kuumizwa moyo na 25,000 za kuchafuliwa jina la kazi. Akalipa kodi dola 20,665 halafu akazidai zirudi. Na huyo mama alikuwa na mpaka rekodi za matibabu ya meno, zikionyesha kwa mawazo alikuwa akisaga meno, jambo linaloweza kuyaharibu kabisa, akasema jamani meno si mwili haya? Mahkama ya rufaa ya Washington ikampa ushindi mwaka 2006, watu wa kodi nchi nzima wakashtuka, halafu majaji wale wale wakaifuta hukumu yao, na Julai 2007 wakamwambia ameshindwa, fidia yako iliandikwa ya moyo, haikuandikwa ya meno. Mimi kila nikiikumbuka kesi hii naona ile karatasi ilivokuwa na nguvu kuliko meno yenyewe.

Na hapo ndo penye kiini cha barua zote tatu: watu wa kodi hawaulizi umepewa ngapi, wanauliza umepewa kwa ajili ya nini, na cha kwanza wanachokitizama ni lile karatasi la sulhu limeandikwa vipi. Si kwamba ukiandika uongo utapona, kama hukuumia mwili kisha ukaandika umeumia wanarudi kwenye mashtaka uliyofungua wanasoma ulilalamikia kitu gani. Lakini kama kweli kuna kipande cha mwili na hukukiandika, ndo umekipoteza.

Haya, tumtizame binti yako. Mwambie atafute karatasi mbili, moja ina jina W-2 na nyengine 1099-MISC. Kawaida sulhu kama hii inagawanywa, sehemu inaitwa mishahara aliyoikosa, hiyo inaingia W-2 na inakatwa kila kitu kama mshahara, na sehemu ya kuumizwa moyo inaingia 1099 haikatwi kitu siku ya kulipwa, na hii isiyokatwa ndo inayoliza watu, mana mtu anaona cheki nzima anadhani nzima ni yake.

Barua yako haikusema mgawanyo, basi tuchukulie 20,000 za mshahara na 70,000 za moyo, na binti hajaolewa, hana mtoto, mshahara wake wa mwaka mzima tuseme 38,000. Kwenye zile 20,000 wanakata ya hifadhi ya jamii na ya matibabu ya wazee, asilimia 7.65, dola 1,530, na kodi ya mapato wanaikata kwa asilimia 22 palepale, dola 4,400. Anashika 14,070. Kwenye zile 70,000 wakili anatoa 30,000 zake, anabaki na 40,000 taslimu. Jumla mkononi 54,070 na ndo hizo alizokuwa akizipigia hesabu ya mabati.

Sasa shika hapa bi mkubwa, mana hapa pana mtego. Pesa ya wakili, hata kama hakuiona kwa macho, sheria inasema ni mapato yake yeye kwanza. Mahkama ya Juu ya Marekani ilishaamua hivo mwaka 2005 kwenye kesi ya mtu anaitwa Banks. Kwa hiyo kwenye fomu yake anaonekana kapata 90,000, si 60,000. Bahati nzuri mwaka 2004 Bunge lilipitisha kwamba kwenye kesi za ubaguzi kazini, na udhalilishaji wa kijinsia umo humo, ada ya wakili unaitoa juu kabisa ya fomu kabla ya kufika kwenye hesabu ya kodi. Lakini haijitoi yenyewe, lazima aiandike. Nilishamuona kaka mmoja kajijazia mwenyewe kwenye simu hakuiandika, kalipia kodi gari la wakili wake. Muulize binti: elfu thalathini za wakili umezitoa? Umeziandika wapi? Asijibu "nadhani".

Akishazitoa, kwa viwango vya mwaka 2025 kodi ya serikali kuu inayoongezeka kwa ajili ya sulhu hii inakuja kama dola 10,600, washakata 4,400, kwa hiyo anadaiwa kama 6,200. Na hapa ndo Texas inapomuokoa, jimbo lile halina kodi yake ya mapato, angekuwa California au New York angelia mara mbili. Katika tisini, zake halali ni kama 47,900. Sio 60,000 ulizokuwa ukizifikiria. Mwisho wa kupeleka fomu na pesa ni 15 Aprili 2026, na kama pesa keshazimaliza apeleke fomu hivohivo kwa wakati kisha aombe kulipa kwa mafungu, IRS, yani watu wa kodi wa kule, wanakubali, kukaa kimya ndo kunakozaa faini.

Jambo la kupunguza: kama alikwenda kwa daktari au mshauri nasaha kwa sababu ya yale mambo na akalipa kwa mfuko wake, zile pesa za matibabu anaweza kuzitoa kwenye fungu la moyo, madhali hakuwahi kuzitoa kwenye fomu ya mwaka mwengine. Kila risiti za dola 1,000 zinamuokolea kama 220. Akapekue begi.

Kuhusu ile karatasi ya kutosema, kuna watu wanawatia hofu wenzao kwamba ukiisaini unapoteza haki ya kutoa ada ya wakili. Hapana. Sheria ya mwaka 2017 inamuadhibu muajiri, akilipa sulhu ya udhalilishaji wa kijinsia na akaweka sharti la siri basi haruhusiwi kuihesabu ile pesa wala wakili wake kama gharama ya biashara. IRS wenyewe wameshasema anaelipwa haimgusi. Tena laiti binti angejua mapema, hilo lilikuwa la kupatania bei: mnataka ninyamaze, kunyamaza kwangu kunakugharimuni kodi, basi ongezeni.

Wewe huku Pemba hudaiwi kitu mamaangu. Pesa aliyokutumia mwanao ni zawadi, si mshahara wako wala biashara yako. Na yeye kule elfu saba haijafika hata kiwango cha kuripoti, ambacho kwa 2025 ni dola 19,000 kwa kila anaepewa. Ila mwambie asikutumie kwa kesh dukani, tangu 1 Januari 2026 wanaotuma kwa kesh nje ya Marekani wanakatwa asilimia 1 juu yake, anaetoa kwenye akaunti ya benki hakatwi. Msingi wako endelea nao, mabati ngoja Aprili ipite. Umeuliza pia zakka, hiyo kamuulize shekhe wako, mimi nnachokijua ni kwamba hizo 6,200 si mali yake, za watu hizo.

Najua wasomaji wengi watu wao wako Uingereza, na huko ni habari nyengine kabisa. Pesa ya kumalizana kazi, paundi 30,000 za mwanzo kwa kawaida hazikatwi, ukitoa notisi, likizo na mshahara unaodai ambazo zinakatwa kama kawaida. Na fidia ya kuumizwa hisia kwa udhalilishaji uliotokea ukiwa bado kazini, ambao haukuhusiana na kuachishwa kazi, haina kodi. Tangu Aprili 2018 ile iliyofungamana na kuachishwa ndo inaingizwa kwenye hesabu ya hizo 30,000. Alie London asitumie majibu ya Texas tafadhali.

BARUA YA PILI

"Dada yangu, mimi nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja huku kusini miaka mitatu. Meneja alikuwa akinishika kiuno kila akipita nyuma ya kaunta, nikaripoti, wakanambia bora nipumzike. Sasa wananipa milioni 9 nisaini tumalizane, humo mna mishahara ya miezi miwili hawajanilipa, notisi, likizo na kitu wamekiita mkono wa pole. Mhasibu anasema anazikata kodi zote kwa mkupuo. Shoga yangu ananambia nisikubali, ati kodi ya mapato ni ya bara, sisi tuna ZRA yetu. Nani mkweli?"

Mdogo wangu, shoga yako kachanganya madawa. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, imo kwenye orodha ndani ya Katiba ya 1977, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inafanya kazi Unguja na Pemba kama inavofanya Dar. TRA ndo wanaochukua. ZRA wanachukua VAT ya hapa, ushuru wa hoteli na mambo mengine, mshahara wako hawaugusi.

Lakini na yeye kuna mahali kagusa ukweli bila kujua. Kodi ni ya Muungano, kazi si ya Muungano. Kwa hiyo hizo video unazoziona mitandaoni za CMA, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, hiyo ni ya bara, usipande boti. Wewe una Sheria ya Ajira ya Zanzibar namba 11 ya 2005, na mgogoro wako unaupeleka Kamisheni ya Kazi, wana kitengo chao cha migogoro, ikishindikana hapo ndo unaelekea Mahkama ya Kazi.

Sasa hizo milioni 9. Mishahara ya miezi miwili, kodi. Likizo, kodi. Notisi, kodi. Hata pesa ya kupoteza kazi sheria ya 2004 imeitaja kwa jina kwamba ni mapato ya ajira. Hapo mhasibu hajakosea. Anapokosea ni kwenye "zote kwa mkupuo", na wanapokosea wenye hoteli ni kwenye lile jina, mkono wa pole. Mkono wa pole hupewa mfiwa! Wewe nani kakufia? Karatasi ikisema jumla milioni 9 za kumaliza ajira na pole, huyo mhasibu atafanya nini zaidi ya kuzikata zote, na fungu la juu la kodi ya mshahara ni asilimia 30, sio mchezo.

Sheria yetu kwenye fidia inakwenda hivi, fidia inashika sura ya kile inachokifidia. Ikiziba mshahara, ni mshahara. Ikiziba kiuno chako kilichoshikwashikwa, kiuno si ujira, hukukiuza kwenye mkataba, na hapo ndo una hoja ya kusimama nayo mbele ya TRA. Lakini hoja haisimami bila karatasi. Kwa hiyo kabla ya kusaini waambie wavunje hesabu, mstari kwa mstari. Mfano kama mshahara ulikuwa laki nane: mishahara ya miezi miwili 1,600,000, notisi 800,000, likizo 600,000, hizo ni milioni 3 na zikatwe. Milioni 6 zilizobaki waandike wazi ni fidia ya udhalilishaji uliofanyiwa kazini kwa mujibu wa malalamiko yako ya tarehe fulani. Wataona tabu kuliandika neno hilo, watakuletea "usumbufu" watakuletea "sintofahamu". Usikubali sintofahamu. Na kama mhasibu bado anataka kuikata hiyo milioni 6 mwambie akuandikie kwa kifungu gani, na uende na karatasi yako TRA kabla ya siku ya kusaini, sio baada, na ukipata jibu lao lipate kwa maandishi.

Usije ukageuza kinyume vilevile, ukawaambia waandike zote tisa ni fidia ya udhalilishaji ili usikatwe. Mishahara ya miezi miwili iko wazi kwenye vitabu vyao, mkaguzi akija ataiona.

Na nakuomba utizame mambo mawili ambayo hukuniuliza. Moja, michango yako ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kwa miezi ile miwili ambayo hawakukulipa, nenda kaangalie kama imeingia, mana hoteli isiyolipa mshahara sidhani kama ilikumbuka mchango. Pili, soma sana kile kipengele cha mwisho, wanapenda kuandika "hatoshitaki popote". Wewe na hoteli mnaweza kumalizana madai ya pesa, lakini udhalilishaji ni kosa la jinai kwenye Sheria ya Adhabu ya Zanzibar ya 2018, na karatasi yenu ya mezani haimfungi Mkurugenzi wa Mashtaka. Wakikutisha kwamba umeshakula pesa huwezi tena kwenda polisi, wanakutisha tu.

BARUA YA TATU

"Bi mhasibu, mimi nina gesti Wete. Msimamizi wangu alimkosea adabu mfanyakazi, nimemfukuza, na yule binti nimemlipa milioni mbili tukaelewana mbele ya wazee, na bado yuko kazini kwangu. Naweza kuziweka kwenye matumizi ya biashara? Na sikumkata kodi, kuna tatizo?"

Ami, kwanza kheri umemfukuza msimamizi, wengi wanamfukuza binti. Matumizi yanayokubaliwa ni yale yaliyotoka kwa ajili ya biashara yenyewe, moja kwa moja. Faini ya serikali kwa kuvunja sheria haikubaliki, lakini ya kwako si faini, ni fidia kwa mfanyakazi kwa jambo lililotokea kazini, una pa kusimama. Ila unaionyesha kwa kitu gani? Wazee si risiti. Andikeni hata karatasi moja, tarehe, kiasi, kwa sababu gani, asaini yeye, usaini wewe, na wazee wawili washuhudie.

La kodi, inategemea hiyo karatasi itasema nini na itakuwa ya kweli au la. Kama ndani ya milioni mbili kuna mshahara wake au notisi, kodi yake ulikuwa uikate wewe na uipeleke TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na usipoikata wanakudai wewe. Kama nzima ilikuwa ya kumfidia lile alilofanyiwa na mshahara wake ulimlipa kando kama kawaida, iandike hivo. Umesema binti bado yuko kazini kwako, basi slipu zake za mwezi ule na mwezi uliofuata zitaonyesha mshahara haukukatika, zibane pamoja na hiyo karatasi kwenye faili moja.